Mchezo Unaomalizikia kwa Watu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa teatre na wamemba wa mwendo wetu wa raia. Kadutu, Bukavu, Juni 2023.

Jambo kwa wanafunzi wa vyuo vyetu, kwa wamemba waliotoka Ibanda, Kadutu na Bagira, na kwa bamama wa soko mliofunga meza mapema ili mkae na sisi. Aksanti sana. Tunajua wengine mmepanda huku kwa miguu kwa kukosa pesa ya moto, basi hatutapoteza wakati wenu.

Tumeitana kwa jambo moja. Wanafunzi tunaofanya nao teatre wametuletea mchezo mpya. Unazungumza juu ya pointi za kitanda, maana yake mwalimu wa chuo kikuu anayemuomba mwanafunzi mwili wake ili ampe pointi, au ili amsainie kazi yake ya kumaliza masomo. Vijana wa Kongo nzima wanaijua hali hii. Wameipa hata jina la kuchekesha kwa Kifaransa, "points sexuellement transmissibles", kama vile ni ugonjwa wa zinaa. Tunacheka, halafu kila mtu anarudi kwenye auditwari yake.

Katika mkutano wetu uliopita, wamoja wetu walisema: acheni hiyo. Bunagana iko mikononi mwa M23 tangu tarehe 13 Juni 2022, watu wa Kaskazini wanalala ndani ya mahema, uchaguzi unatungojea mwezi wa kumi na mbili, na nyinyi mnataka kuchezesha mambo ya wasichana na asistenti? Wengine walisema: mkigusa walimu, wanafunzi wetu ndio watakaofukuzwa, na sisi tutapoteza marafiki ndani ya vyuo.

Tumesikiliza pande zote mbili. Leo tunasema tulipofikia: mchezo huu tutauchezesha. Tunawaeleza sababu, na tunawaeleza pia masharti, kwa maana bila masharti hayo hatuna haki ya kumpandisha mtoto wa mtu jukwaani.

Kwanza tusemeane ukweli kuhusu teatre ambayo muji wetu umeizoea. Nani hapa hajaona gari la shirika likisimama kwenye kartie, vijana wakashuka na tisheti za rangi moja na ngoma? Watu wanajaa. Baba mlevi anampiga bibi yake. Anatokea jirani mwenye akili nyingi, anasema maneno ambayo yameandikwa kwenye mradi. Baba anaomba msamaha, wote wanacheza, kuna picha, kuna soda. Na yule baba mlevi wa kweli, ambaye kartie yote inamjua, alikuwa amekaa mbele kabisa na amecheka kuliko wote.

Hatudharau kazi hiyo. Wako waliofanya vizuri zaidi. Hapa mashariki, Search for Common Ground ilipeleka vijijini teatre ambamo waigizaji wanasikiliza watu kwanza, wanatengeneza mchezo kutokana na waliyosikia, halafu wanawaacha watazamaji waingie ndani. Mbinu ya namna hiyo inatoka mbali. Augusto Boal wa Brazil, ambaye serikali ya wanajeshi ilimkamata na kumtesa mwaka 1971 kabla hajakimbilia ugenini, ndiye aliyeijulisha dunia: mchezo unachezwa mpaka pale mambo yanapoharibika, halafu mtazamaji anasema "simama", anapanda, anachukua nafasi ya mwigizaji na kujaribu njia yake.

Lakini mara nyingi, mchezo wa mradi unafika na jibu mfukoni. Aliyeleta pesa anajua tayari watu wanatakiwa kusema nini mwishoni. Mchezo wetu hauna jirani mwenye akili. Unafika kwenye swali na unakaa hapo, mpaka watu wenyewe wauendeshe au wauache.

Mtasema: swali dogo la chuo, litamsumbua nani? Tuwapeleke kidogo Kenya, Limuru, kwenye kijiji kinachoitwa Kamirithu. Mwaka 1977, Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa mkuu wa idara ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliandika na Ngugi wa Mirii mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ambao kwa Kiswahili unajulikana kama Nitaolewa Nikipenda. Wakulima na wafanyakazi wa kijiji walijenga uwanja wa maonyesho kwa mikono yao. Mazoezi yalifanyika mbele ya watu, na watu walikuwa wakisahihisha: hapana, mzee hawezi kusema hivyo, hapana, mshahara wa kiwandani si huo.

Hakuna rais ndani ya mchezo ule. Hakuna waziri. Kuna mkulima maskini mwenye kipande cha shamba cha eka moja na nusu. Kuna tajiri wa kanisa anayekitaka kipande hicho. Kuna binti wa mkulima anayepewa mimba na mtoto wa tajiri na kuachwa. Ni mambo ya nyumba moja tu. Ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977, na katikati ya Novemba ruhusa ikafutwa. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngugi akakamatwa, akakaa gerezani karibu mwaka mzima bila hukumu ya mahakama. Alipotoka, hakurudishiwa kazi yake ya chuo. Mwaka 1982 walijaribu tena na mchezo mwingine, Maitu Njugira. Jumba la teatre la taifa likafungwa kwao, wakaendelea na mazoezi ndani ya chuo kikuu, maelfu ya watu wakaja kutazama mazoezi tu, mpaka amri ikatoka waondoke. Mwezi wa tatu mwaka huo polisi wakabomoa uwanja wa Kamirithu.

Tunachukua mambo mawili huko. La kwanza: wakubwa hawakungoja kutajwa jina. Watu wa Limuru walipoona jukwaani namna shamba la mtu linavyoliwa, walijua wenyewe ni nani anayekula. La pili: mwenye kuandika alikuwa mbele. Hakujificha nyuma ya wakulima. Tutarudia hapo tukifika kwenye masharti.

Na tusisahau mfano wa kwetu. Mwezi wa tano mwaka 2015, hapa Bukavu, kwenye Kolezi Alfajiri, mtu wa teatre kutoka Uswisi, Milo Rau, alifungua mahakama ya mchezo iliyodumu siku tatu. Lakini waliokaa ndani hawakuwa waigizaji. Walikuwa wanasheria wa kweli na mashahidi wa kweli, na mambo ya kweli: mgodi wa dhahabu wa Twangiza, mgodi wa Bisie, mauaji ya Mutarule ya mwezi wa sita 2014. Hukumu yake haikuwa na nguvu yoyote ya sheria. Hata hivyo, watu walisema mbele ya halaiki yale ambayo hawakuwahi kupewa nafasi ya kuyasema. Kazi ile ilianza hapa, ikaendelea Berlin, ikawa filamu. Sisi hatuna kamera wala tiketi ya ndege. Tuna wanafunzi, tuna bamama, na tuna jioni za Kadutu. Inatosha kuanza.

Sasa tujibu swali la vita, maana ni swali la heshima.

Dunia nzima inaijua Bukavu kupitia Panzi. Daktari Mukwege alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, tulishangilia, na ilikuwa haki. Kila mara mwenye bunduki anapombaka mama huko Shabunda au Fizi, tunatoka, tunaandika, tunapiga kelele. Lakini mwenye kalamu je? Yule anayetumia karatasi ya mtihani kama wengine wanavyotumia silaha, tunamsalimia asubuhi, tunambebea mfuko wake, tunamualika kwenye harusi. Msichana akilia tunamuambia: "Weye njo wa kwanza? Vumilia, umalize masomo."

Sheria haikulala. Sheria nambari 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, ambayo tunapenda kuitaja kwa ajili ya ubakaji wa vita, iliweka pia kosa la kumsumbua mtu kwa kutumia mamlaka ili kupata mwili wake. Adhabu yake ni kifungo cha mwaka 1 hadi 12. Ni sheria ileile, ya siku ileile. Upande mmoja tunausoma kwa sauti, upande wa pili tunaupita.

Kwa hiyo hatuachi vita ili tuchezeshe mambo madogo. Kijana aliyekaa miaka mitano auditwarini akiona saini ikilipwa kwa mwili wa mwenzake, akanyamaza ili yake isiguswe, ndiye kesho atakayekaa ofisini, kwenye barieri, kwenye forodha. Tukimkosa leo, tutamlalamikia kesho kwa barua.

Niambieni basi, mchezo wenyewe ukoje? Una watu wanne. Yuko mwanafunzi msichana aliyebakiza saini moja ili amalize. Yuko mwalimu, hapigi kelele, hatishi, anaongea kwa upole sana, anauliza habari za nyumbani. Yuko mkuu wa promosio, kijana anayebeba ujumbe: "Profesa anasema umuletee kazi yako kule anapolala, si ofisini." Na yuko mama, muuza sambaza, aliyelipa minervale kidogokidogo kwa samaki za Kivu. Msichana anajaribu kumueleza mama. Mama anahesabu pesa, hainui macho, anauliza: "Na wengine bote banamalizaka namna gani?" Mchezo unasimama hapo. Mwigizaji mmoja anawageukia watu na kusema: nani anapanda?

Tuliujaribu mbele ya watu ishirini hivi, bila nguo za jukwaani, bila taa, kwa kuwa umeme ulikuwa umekwenda. Kijana mmoja alipanda haraka, akachukua nafasi ya mkuu wa promosio, akasema kwa kiburi: "Mimi sibebi huo ujumbe!" Watu wakapiga makofi. Halafu sauti ikatoka nyuma: "Na pointi zako weye, zitatoka wapi?" Watu wakacheka. Yule kijana hakucheka. Alibaki amesimama, akafikiri, akasema: "Basi tutakataa promosio nzima." Wakaanza kubishana: nani atakataa, nani atasaini, nani atauza wenzake. Ubishi ulikula saa nzima. Hakuna mradi ulioandika ubishi ule.

Halafu mama mmoja wa soko akainuka. Akaomba achukue nafasi ya mama. Akakaa mbele ya msichana, akamtazama muda mrefu, hakuna aliyekohoa. Akamuuliza: "Mutoto wangu, ulishaniambiaka, nikanyamaza?"

Mwigizaji hakuwa na jibu lililoandikwa. Sisi pia hatukuwa nalo. Lakini jioni ile tuliona kwamba wanafunzi wana haki: mchezo huu hauwashtaki walimu peke yao. Unamgusa mkuu wa promosio, unamgusa mama, unamgusa kijana anayesema "mimi sikuona". Ndiyo maana unauma, na ndiyo maana tunautaka.

Neno moja juu ya lugha. Wamoja wenu mlitaka Kifaransa, ili wakubwa wa chuo wasikie. Wakubwa wanasikia Kiswahili vizuri sana wakinunua nyanya. Kule Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilijenga jina lake kwa kuchezesha michezo kwa Kiswahili cha migodini, kile watu wanachoongea kwenye uwanja wa nyumba. Mwaka 1986, wakati Mobutu bado amekaa sawasawa kitini, walichezesha mchezo mzima kutokana na msemo mmoja tu: kwamba utawala unaliwa mzima. Hawakuhitaji maneno makubwa. Sisi tutachezesha kwa Kiswahili cha Bukavu, pamoja na Mashi pale mama anapokasirika, na Kifaransa tutamuachia mwalimu, kwa sababu hicho ndicho anachojifichia.

Sasa masharti. Tafadhali myasikilize kama vile mnasikiliza wosia.

La kwanza, hofu ya mtu isichekwe. Huu ni muji ambamo Pascal Kabungulu, mtetezi wa haki za watu, aliuawa mwaka 2005. Ni muji ambamo waandishi wa habari Serge Maheshe mwaka 2007, Didace Namujimbo mwaka 2008 na Bruno Koko Chirambiza mwaka 2009 waliuawa. Atakayesema "mimi ninaogopa, ninataka kutoka" atatoka siku hiyohiyo, bila kuulizwa, na nafasi yake ya urafiki inabaki.

La pili, hakuna jina la mwalimu wa kweli. Hakuna kumuiga mwendo wake, miwani yake, wala gari lake. Sheria ya makosa ya jinai inaadhibu anayemtwika mtu jambo la kumvunjia heshima, na hatutaki mchezo uzikwe ndani ya kesi ya mtu mmoja. Aliye na kesi ya kweli tutampeleka kwa mwanasheria. Jukwaa si polisi.

La tatu, hakuna ushuhuda wa msichana wa kweli utakaowekwa ndani mpaka atambulikane. Na nafasi ya msichana itazungushwa: kila onyesho, mwigizaji mwingine. Hatutaki dada yetu yeyote atembee Nyawera watu wamuonyeshe kidole, "yule njo wa pointi". Siku nyingine kijana mwanaume ataichukua nafasi hiyo. Mtaona wenyewe namna kicheko kinavyobadilika.

La nne, barua zote zitasainiwa na mwendo, si na wanafunzi. Tukicheza nje, tutawajulisha wakubwa wa muji kwa maandishi, kama kifungu cha 26 cha Katiba ya 2006 kinavyotaka. Ni barua ya kujulisha. Katiba haisemi kuomba ruhusa. Kifungu cha 23 kinalinda kusema, na cha 46 kinalinda kazi ya sanaa. Tunajua kwamba karatasi haizuii fimbo. Lakini mnakumbuka mwezi wa kumi na moja 2021, tume ya kukagua nyimbo na maonyesho ilipopiga marufuku wimbo Nini Tosali Te wa kundi la MPR huko Kinshasa? Watu walipiga kelele inchi nzima, na marufuku ikaondolewa haraka. Mkijua haki yenu kwa namba, mnapiga kelele vizuri zaidi.

La tano, hakuna pesa ya mwanasiasa. Tunaelekea tarehe 20 Desemba. Watakuja na tisheti, na katoni za bia, watasema "sisi pia tunapigania wasichana". Mtawajibu kwa heshima na mtawarudishia tisheti. Tutaomba franga 500 kwa mwenye nazo, na asiye nazo ataingia.

La sita, hakuna onyesho wakati wa mitihani, na hakuna mtu anayerudi nyumbani peke yake baada ya giza. Anayekaa Panzi atasindikizwa mpaka Panzi.

Tayari chuo kimoja cha muji kimetujibu kwamba sale yao "haina nafasi", hata kabla hatujataja siku. Hatutagombana nao. Tutaanzia kwenye viwanja vya kartie, mbele ya wazazi wanaolipa minervale. Wazazi wakishauona, wao ndio watakaouliza kwa nini haujafika chuoni.

Kwa wale mliosema tungoje vita imalizike: tunawaheshimu, na tunawaomba muje mtazame mara moja kabla ya kukataa. Mkiona tumekosea, pandeni. Mchezo una mahali penu.

Mazoezi yanaanza baada ya mitihani, kila Jumamosi saa nane mchana, hapahapa. Onyesho la kwanza tunalitaka mwezi wa kumi. Tunahitaji waigizaji sita zaidi ili tuweze kuzungusha nafasi, wanasheria wawili wakubali kupigiwa simu usiku, na watu wa kusindikiza wenzao nyumbani. Bamama, kwenu tunaomba kitu kimoja: mje mtusahihishe, mseme "hapana, mama hawezi kusema vile". Wanaotaka kuandikisha majina, meza iko karibu na mlango.